Joka Linalokula Siri: Kubuni Riwaya ya Mashujaa Waliokataliwa

Fumo Liongo hakuuawa na jeshi. Masimulizi ya pwani ya kaskazini ya Kenya, ambayo Muhammad Kijumwa wa Lamu aliyatungia utenzi mwaka 1913, yanasema mkuki na mshale havikumdhuru shujaa huyo. Kilichomuua ni sindano ya shaba iliyochomwa kitovuni, na aliyeichoma ni mwanawe mwenyewe, aliyembembeleza baba yake mpaka akamtolea siri ya mwili wake. Liongo akafa amepiga goti karibu na kisima, upinde mkononi, na watu wakakaa siku kadhaa bila kuchota maji wakidhani bado yu hai. Mtunzi mwingine angemtafutia shujaa kama huyo adui mwenye nguvu kumzidi. Wazee wetu waliona mbali zaidi: walijua kwamba mtu asiyeshindika kwa silaha hushindwa na yule anayemjua ndani, na kwamba siri ikishatoka mdomoni inaweza kuua kuliko sumu.

Kitovu cha Liongo kinajibu swali ambalo vijana wengi wanaopenda kuandika wanajiuliza siku hizi. Je, inawezekana kubuni riwaya ya fantasia, yenye mapigano na safari za hatari, ambayo mashujaa wake ni watu wanaopenda wa jinsia yao, au watu ambao jinsia waliyozaliwa nayo sio wanayoiishi, na riwaya hiyo ikatoka kwenye visasili vya hapa badala ya kuazimwa Ugiriki? Jibu langu ni ndiyo, tena bila kulazimisha jambo. Lakini njia inayokimbiliwa na wengi siyo. Wengi huanza kwa kupekua historia wakitafuta ushahidi kwamba mababu nao walikuwa na watu wa namna hii, kisha hujaribu kuugeuza ushahidi huo kuwa hadithi. Mtunzi anachohitaji ni muundo wa visasili vyenyewe: mtoto aliyekataliwa, mwili uliotofautiana na wa wengine, siri iliyo mikononi mwa mtu wa karibu, na jamii inayopaswa kuchagua kati ya kumtoa mwenzao na kumstahi. Vitu hivyo vinne viko tele katika masimulizi yetu, na ndivyo hasa vinavyotawala maisha ya watu hao Afrika Mashariki leo.

Duniani jambo hili limekwisha kufanyika. Mmarekani Madeline Miller alimrudia Achilles na mwenzake Patroclus katika riwaya iliyotoka mwaka 2011 na kushinda Tuzo ya Orange mwaka uliofuata. Rick Riordan, anayependwa mno na vijana, alimfanya mwana wa mungu wa kuzimu kuwa mvulana anayependa wavulana. Mjamaika Marlon James alitoa mwaka 2019 riwaya ya Black Leopard, Red Wolf, ambayo ulimwengu wake umefumwa kwa visasili vya Kiafrika na msimulizi wake ni mwanamume mwenye pua inayonusa watu kutoka mbali, anayependa wanaume. Kazi ya James inathibitisha kwamba mizimwi, wachawi na wanyama wanaogeuka watu wa bara hili wanaweza kubeba riwaya nzito ya mapigano yenye mashujaa wa aina hii. Ila ilibuniwa kwa Kiingereza, mbali na hapa, na msomaji wa Mbinga, kusini mwa Tanzania, akiisoma hakuti mlima wake wala ziwa lake. Hiyo kazi imebaki kwetu.

Kielelezo bora zaidi kwa mtunzi wa kwetu kiko mashariki ya Kongo. Mwaka 1956 msimulizi wa Kinyanga, Candi Rureke, alimsimulia mtafiti Daniel Biebuyck utendi wa Mwindo kwa siku kumi na mbili, akiimba, akicheza na kuigiza, na mwaka 1969 Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene wakauchapisha. Mtemi Shemwindo ana wake saba na ametoa amri: wote wazae mabinti tu, atakayezaa mwana wa kiume mtoto huyo atauawa. Mwindo anazaliwa akitembea na kuongea, tena hatoki mahali watoto wanapotokea. Anatokea kwenye kidole cha mama yake, na fimbo yake ya ajabu mkononi. Kwa hiyo tangu dakika ya kwanza ni mtoto wa jinsia isiyotakiwa, aliyekuja kwa njia isiyozoeleka. Baba anamtupia mikuki, haimpati. Anamzika, anafufuka. Mwishowe anamfungia ndani ya ngoma na kumtosa mtoni. Anayemwokoa ni shangazi yake, Iyangura, aliyeolewa na nyoka wa majini, Mukiti. Ndipo safari inaanza: mji wa baba unaangamizwa, baba anakimbilia kuzimu kwa Muisa, naye Mwindo anamfuata huko huko. Cha ajabu kwa hadithi ya kisasi ni kwamba anapomkamata hamuui. Anamrudisha nyumbani, baba anakiri kosa lake mbele ya watu, na nchi inagawanywa kati yao. Hata hapo Mwindo hajakamilika, maana baadaye anaua joka ambalo ni rafiki wa Nkuba, bwana wa radi, naye anapandishwa mbinguni na kufundishwa kwa mateso ya jua, mvua na baridi kwamba ushujaa una mipaka. Ukiusoma utendi huu polepole utaona hauhitaji kupindishwa sana. Amri ya Shemwindo, kwamba mtoto wa aina fulani asiwepo, ndiyo amri wanayoikuta watoto wengi katika nyumba zao wanapogundulika walivyo. Na shangazi anayefungua ngoma iliyofungwa ni mtu halisi kabisa: kila ukoo una Iyangura wake.

Tuushushe sasa muundo huo katika nchi yenyewe, kuanzia kata kama Namswea wilayani Mbinga hadi ufukwe wa Mbamba Bay na Liuli. Ni nchi inayoteremka kwa kasi, kutoka vilele vya Umatengo vinavyopita mita 1,500 hadi Ziwa Nyasa, lililo kwenye mita 475 hivi juu ya usawa wa bahari, na ziwa lenyewe lina kina cha karibu mita 700, maana yake sakafu yake iko chini ya usawa wa bahari. Kuzimu ya Muisa haina haja ya kubuniwa, iko pale. Msimu ukifika, mabuu ya nzi wadogo walioishi chini majini hupanda na kugeuka nzi, wakatanda juu ya maji kama nguzo za moshi zinazotembea. David Livingstone aliziona nguzo hizo mwaka 1861, na watu wa ziwani huwakusanya nzi hao na kuwafanya mikate ya kungu. Mtunzi anayetafuta jeshi la mizimu hana sababu ya kwenda mbali. Pale Liuli kuna mwamba uliowafanya Wajerumani waiite bandari Sphinxhafen kwa kuuona unafanana na sanamu ya Misri, na ni hapo tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza Gwendolen iliishambulia meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann iliyokuwa imepandishwa kwa matengenezo. Riwaya ya mapigano inaweza kusimama juu ya mwamba huo katika zama zozote.

Kitu cha thamani zaidi kwa hadithi yetu, hata hivyo, hakiko ziwani. Kiko shambani. Wamatengo wanalima ngoro, mashimo yaliyopangwa kwenye miteremko mikali ili mvua isichukue udongo, na inaelezwa kwamba kilimo hicho kilishika mizizi walipobanana milimani wakikimbia mashambulizi ya Wangoni katika karne ya 19. Angalia jinsi ngoro inavyotengenezwa. Wanaume hufyeka nyasi, wakaziacha zikauke, kisha wakazilaza katika mistari inayokatana mpaka mlima mzima unakuwa na miraba. Wanawake huingia na majembe, huchimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuufunika juu ya zile nyasi, wakapanda maharage kwenye matuta yaliyopatikana. Katikati linabaki shimo la kunasa maji, na mahindi hufuata msimu mwingine. Kazi moja imegawanywa kwa jinsia mbili, na mahali mikono ya wanaume ilipoishia ndipo ya wanawake inapoanzia. Sasa mweke hapo binti ambaye tangu utoto anaamka alfajiri kwenda kulaza nyasi. Hakuna haja ya kueleza lolote kuhusu nafsi yake. Kijiji kizima kitaelewa, na msomaji pia, kwa kutazama tu upande gani wa mraba amesimama. Mistari yake imenyooka kuliko ya kaka zake, na hilo ndilo linalomkera baba yake kuliko lolote.

Huyo ndiye shujaa wetu wa kwanza. Wa pili ni mwanamke wa ziwani, mvuvi wa usiku, anayejua kuuvuka upepo wa mwera unapochafua maji wakati wanaume wamekwisha kuvuta mitumbwi yao nchi kavu. Na adui? Hapa ndipo wengi wanaobuni huteleza, kwa kumfanya adui kuwa Mngoni, au mmisionari, au baba mkali, kisha hadithi ikageuka mashtaka. Napendekeza tumrudie Liongo. Chini ya ziwa pawepo joka lisilokula nyama wala nafaka, bali siri. Kila mwaka, kabla nzi hawajapanda, kila kaya inatakiwa kwenda ufukweni na kulinong'onezea joka siri moja ya jirani. Anayetoa siri, nyavu zake hujaa na kaya yake husalimika. Anayetolewa siri yake hufuatwa na ile nguzo ya moshi hadi mlangoni. Kwa vizazi vitatu nchi imekula kwa namna hiyo, na hakuna anayemkaribisha mwenzake nyumbani kwa moyo mweupe. Wapenzi wetu wawili ndio siri nono kuliko zote, na mwenye kuijua ni kaka wa yule binti, anayempenda dada yake kwa dhati na ambaye mtoto wake mchanga anaumwa. Hapo tayari kuna mbio, mapango, vita vya mitumbwi na usaliti unaouma, na hakuna hata tukio moja ambalo lingebaki lilivyo kama mashujaa wangekuwa mume na mke. Hicho ndicho kipimo cha riwaya ya aina hii. Kama unaweza kuondoa upendo wa mashujaa na mapigano yakaendelea vile vile, basi upendo huo uliwekwa kwa ajili ya jalada tu.

Joka linashindwaje? Vitabu vingi vya Ulaya na Marekani vingemfanya shujaa apande juu ya mwamba na kuitangaza siri yake mwenyewe, na kwa kuitangaza akawa huru. Kwa msomaji wa huku hilo si kweli, na mtunzi asidanganye. Anayejitangaza leo anaweza kufukuzwa kazi, nyumbani, hata kupigwa na umati. Ushindi unaotoka ndani ya utamaduni wetu ni mwingine, nao ni sitara. Joka linakufa njaa mwaka ambao kaya moja inagoma kunong'ona, halafu ya pili, halafu kijiji, kila mmoja akijua fika anachokijua kuhusu jirani yake na kila mmoja akikubali nyavu zitoke tupu. Atakayepinga atasema kunyamaza ndiko kulikowaumiza watu hawa siku zote. Ni pingamizi zito, na jibu lake liwe ndani ya hadithi yenyewe: kimya anacholazimishwa mtu mmoja ni kifungo, lakini kimya wanachokichagua wengi kwa ajili ya mmoja, huku wakijua gharama yake, ni ngao. Mapigano makali zaidi ya kitabu yawe hapo, kijiji kikipambana na nguzo za moshi zinazokuja kudai chakula cha joka.

Kuna mtego ambao lazima utajwe. Masimulizi na mila zetu zina njia iliyo tayari ya kueleza mtu asiyefanana na mwili wake, nayo ni pepo. Mwanaanthropolojia Kjersti Larsen ameonyesha jinsi huko Zanzibar pepo wa kiume anavyoweza kumpanda mwanamke, na wa kike akampanda mwanamume, na kwa muda huo mtu huvaa, husema na hutendewa kulingana na pepo wake. Akwaeke Emezi wa Nigeria alitumia imani ya Waigbo inayokaribiana na hiyo katika riwaya yake ya mwaka 2018, Freshwater, kueleza nafsi nyingi katika mwili mmoja, na alifaulu kwa sababu aliandika kutoka ndani ya maisha yake. Kwa mtunzi wa kawaida nashauri tahadhari. Ukisema upendo wa shujaa umeletwa na pepo, msomaji atauliza swali la haki kabisa: mganga yuko wapi amtoe? Mapepo yawepo katika riwaya, yapigane, yatoe unabii, lakini shujaa apende kwa moyo wake mwenyewe.

Pingamizi kubwa kuliko yote ni kwamba mambo haya si ya kwetu. Linastahili jibu la kweli kuliko jibu la kushinda mabishano. Kumbukumbu zipo: ofisa wa Kiingereza Jack Driberg aliandika mwaka 1923 kuhusu wanaume wa Kilango, Uganda, waliohesabiwa wanawake na kuolewa na wanaume. Lakini zipo pia kumbukumbu zinazotumiwa vibaya. Nyumba ntobhu ya Wakuria wa Mara, ambapo mwanamke humwoa mwanamke, imekuwa ikitajwa kama ushahidi wa mapenzi ya jinsia moja, ilhali shabaha yake ni kupata watoto na warithi wa mji usio na mwana wa kiume; mwanamke anayeolewa huzaa na mwanamume. Kuitangaza kuwa kitu kingine ni kuwakosea Wakuria. Wala haitoshi kusema sheria zinazokataza ni za mkoloni. Ni kweli Waingereza ndio waliotuletea Kanuni ya Adhabu, lakini ni Bunge letu la Tanzania lililoongeza adhabu mwaka 1998, na leo kifungu cha 154 kinatoa kifungo kisichopungua miaka 30 hadi maisha. Riwaya haihitaji kushinda kesi hiyo ya historia. Mwindo hakutokea kidoleni kwa sababu Wanyanga walizaliana hivyo. Kisasili hubuni mwili usiowahi kuonekana ili kuuliza tutafanya nini ukizaliwa kwetu.

Wengine watasema visasili ni urithi mtakatifu, visiguswe. Ebrahim Hussein aligusa. Kinjekitile Ngwale wa Ngarambe, nabii wa Vita vya Majimaji, ambaye watu walisimulia kwamba mzimu Hongo alimvuta ndani ya maji na kesho yake akatoka nguo zake zikiwa kavu, alinyongwa na Wajerumani mwaka 1905. Katika tamthilia yake ya 1969 Hussein akamfanya mtu mwenye mashaka juu ya maneno yake mwenyewe, akijua kwamba anaumba mhusika wa sanaa na si kuandika wasifu. Heshima yetu kwa Majimaji haikupungua kwa hilo. Na kwa wale wanaouliza kuna faida gani kutumia majoka kusema jambo zito, Shaaban Robert alikwisha kuonyesha. Kusadikika, nchi yake inayoelea angani, ilichapishwa mwaka 1951 chini ya utawala wa Mwingereza, na ndani yake Karama anasimama kizimbani akitetea haki ya kufundisha sheria kwa kusimulia habari za wajumbe waliotumwa kutafuta mema wakarudi na kutupwa gerezani. Fantasia ya Kiswahili ilizaliwa ikizungumzia haki ambazo zisingesemeka waziwazi. Filamu isiyo na joka hata moja, Rafiki ya Wanuri Kahiu, iliyotokana na hadithi ya Mganda Monica Arac de Nyeko, ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2018 kabla ya kwenda kuonyeshwa Cannes. Kisa ni wasichana wawili wanaopendana Nairobi na mwisho wenye matumaini. Mtunzi wa Mbinga ajue uzito wa anachokishika. Aulize mchapishaji na mwanasheria kabla ya kutoa kitabu, na asichukue kisa cha mtu anayemfahamu, hata kwa kubadilisha jina, kwa sababu vijijini watu hutambuana kwa mbali na madhara humpata mwenye kisa kabla ya mwandishi.

Limebaki la mwisho wa hadithi. Waandishi wengi waliowahi kugusa mapenzi ya aina hii wamewaua wahusika wao katika kurasa za mwisho, mmoja kwa maji, mwingine kwa kamba, kana kwamba kifo ndicho kibali cha kuwa wameandikwa. Mfano wa Mwindo unakataa hilo. Mtoto aliyetoswa ndani ya ngoma anarudi akiwa hai, anashuka kuzimu kumfuata aliyemtosa, na anampandisha akakae naye kwenye nchi moja. Yule binti wa ngoro naye ashuke ziwani, ambako joka limemchukua baba yake, amtoe, na msimu wa maharage ukirudi baba huyo aonekane akipokezana naye mafungu ya nyasi kwenye mistari ile aliyokuwa akiichukia, huku mvuvi wa Liuli akichimba mraba wa pili na wanawake wenzake. Wasife. Mtunzi atakayeona mwisho huo ni wa uongo mno kwa nchi hii akumbuke kwamba msomaji wake ameshakubali joka.